Jibu Sahihi, Njia Mbovu

Kila aliyepitia shule za Kenya anajua kwamba hesabu ina alama za jibu na alama za njia. Ukiandika 42 peke yake bila kuonyesha ulikoitoa, mwalimu anakukata hata kama 42 ndiyo yenyewe. Ukikosea kujumlisha pale mwishoni lakini njia yako ni safi, unaokota mbili tatu. Darasa letu lililalamika sana kuhusu hili. Si jibu ni hilo, mwalimu? Sasa kosa liko wapi? Hakuna aliyetuambia kwamba Plato alikuwa ameshalizungusha swali hilohilo katika mazungumzo yanayoitwa Meno. Socrates anauliza: mtu ambaye hajawahi kwenda Larisa, lakini ana dhana sahihi kuhusu barabara ya kwenda huko, atakuongoza vibaya kuliko yule anayeijua? Wote wawili watakufikisha. Basi kujua kuna faida gani ya ziada?

Nataka kuliuliza swali hilo ndani ya silinda ya gari. Si mahali pa kawaida pa falsafa, lakini nivumilie kidogo.

Nilisomea uhandisi hadi mwaka wa tatu kisha nikaacha. Karo ilikuwa sababu moja, na zile nyingine si za leo. Siku hizi naandika vitu vya watu kwa malipo: maelezo ya bidhaa, sifa za hoteli ambazo sijawahi kulala, ripoti za mashirika, chochote kinacholipa nyumba Roysambu. Mwaka jana kazi ilinijia kupitia mtandao. Kampuni moja ndogo ya ng'ambo inauza dawa ya kutia kwenye petroli, yenye aromatiki kibao, ili injini isigonge. Walitaka kurasa nane za lugha nyepesi za kueleza sayansi yake, na wakanitumia grafu iliyotoka kwenye kompyuta. Mstari wa modeli ulipita katikati ya nukta za majaribio kama uzi katikati ya shanga. Nzuri mno, kusema kweli. Na kwa kuwa sikuwa nimesahau kila kitu nilichofunzwa, nikaanza kuuliza maswali.

Kwanza tuelewane kuhusu petroli. Ile tunayoinunua kwa jina la super si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya kampaundi za kaboni na hidrojeni. Nyingine ni minyororo mirefu, nyingine ina matawi, na kundi moja ni la pete: kaboni sita zimeshikana mikono kwenye duara. Hizo ndizo aromatiki. Mkubwa wao ni benzeni, ambayo Michael Faraday aliitenga mwaka 1825 kutoka kwenye mabaki ya mafuta ya gesi iliyowasha taa za London. Ukiiongezea benzeni mkia mmoja wa kaboni unapata tolueni. Tolueni unaijua hata kama hujui kwamba unaijua. Iko kwenye thina ya rangi, na iko kwenye gamu ya fundi viatu, ile ambayo watoto wa mtaani wanaibeba kwenye chupa ya plastiki na kuinusa wakidanganya njaa.

Kwa nini itiwe kwenye petroli? Kwa sababu ni kaidi. Plagi ikipiga cheche, mwali unaanza kutembea ndani ya silinda, na petroli ambayo haijafikiwa na mwali inabanwa na kupata joto zaidi na zaidi. Ikiwa na subira, itangoja mwali uifikie. Ikikosa subira inajilipukia yenyewe kabla ya wakati, na ndipo unasikia ile ka-ka-ka kama mtu anagonga mabati ndani ya boneti. Subira hiyo inapimwa kwa oktani: heptani ilipewa 0, isooktani ikapewa 100, na petroli nyingine zote zinalinganishwa na hizo mbili. Tolueni, kwa moja ya vipimo hivyo, inafika karibu 120. Ndiyo maana inapendwa.

Sasa, kitu kinachofanyika mle ndani kinachukua sehemu ndogo sana ya sekunde, na presha ni mara 40 au zaidi ya hewa unayovuta ukisoma haya. Huwezi kuchungulia ukaona molekuli moja moja. Kwa hivyo watu wanaandika orodha. Molekuli hii ikikutana na ile, hutokea hivi, kwa kasi hii. Kasi yenyewe inategemea joto kwa namna ambayo Svante Arrhenius aliieleza mwaka 1889: joto likipanda kidogo tu, kasi inaruka sana. Orodha ya petroli ya mfano, yenye kampaundi chache zinazosimamia yale mamia, inaweza kuwa na aina zaidi ya 1,000 za molekuli na maelfu ya vitendo kati yao. Kompyuta inapewa orodha yote na kuambiwa: haya, choma.

Na hapa ndipo nilipopendezwa. Nambari za kasi zinatoka wapi? Baadhi zimepimwa maabarani kwa jasho. Baadhi zimekokotolewa kwa fizikia ya atomu. Nyingine nyingi, nyingi kuliko unavyofikiria, zimekadiriwa kwa undugu: molekuli hii inafanana na ile, ile inakwenda kasi hii, basi na hii tuipe hivyohivyo. Ni kama kumkadiria mtu tabia kwa kuangalia binamu yake. Wakati mwingine unapatia.

Kisha modeli inalinganishwa na jaribio. Ikikosa, mtu anaingia ndani na kusukuma nambari mbili tatu, hii juu, ile chini, mpaka mstari ukutane na nukta. Wanaofanya kazi hii hawafichi jambo hilo, na mara nyingi wana sababu nzuri, kwa kuwa nambari yenyewe huenda ilikuwa na shaka ya mara mbili au tatu kutoka mwanzo. Lakini fikiria nambari mbili zote si sahihi, moja inakwenda mbio kupita kiasi na nyingine inajikokota. Makosa yao yanafutana. Grafu inatoka safi. Una jibu la kweli lililosimama juu ya uongo wawili ulioegemeana kama walevi wawili wakirudi nyumbani.

Wahenga wetu walisema njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa nikidhani ni methali ya kuwatisha watoto. Sikujua ina maana ya kifizikia kabisa, na ili nikuonyeshe lazima nirudi kwa tolueni.

Tolueni ikipata joto na kuvamiwa, hupoteza hidrojeni moja ya kwenye mkia na kuwa kitu kinachoitwa benzili. Kwa kawaida kipande cha molekuli kilichovunjika namna hiyo huwa na wazimu, kinarukia chochote kilicho karibu. Benzili haina haraka. Ni kama yule jamaa aliyesimama stejini, matatu tano zimepita, makanga wamemvuta mkono, na bado anasema anangoja yake. Oksijeni inapita, haipandi. Hiyo ndiyo siri kubwa ya ukaidi wa tolueni. Pete yenyewe ikishambuliwa na oksijeni, inafukuza kaboni moja itoke kama kaboni monoksidi, na kaboni tano zinazobaki zinashikana upya kuwa pete ndogo. Pete mbili za tano zikikutana, zinaweza kuungana na kuwa naftalini. Naam, ile naftalini ya vidonge vyeupe ambavyo nyanya yako aliweka kwenye sanduku la nguo za Krismasi. Pete zikiendelea kushonwa juu ya pete, mwishowe unapata masizi. Kwa hiyo kitu kilekile kinachoinyamazisha injini ndicho kilicho karibu zaidi na ule moshi mweusi, na modeli inayojibu swali la kugonga inaweza isiwe na neno hata moja kuhusu moshi.

Halafu kuna presha. Katika hewa ya kawaida, molekuli iliyoundwa sasa hivi inakuwa na nguvu nyingi za ziada, inatetemeka, na mara nyingi inavunjika tena kabla haijakutana na jirani wa kumpa mzigo huo. Katika presha mara 40 majirani wamejaa, kama matatu ya Thika Road saa kumi na mbili na nusu jioni: hujageuka hujagusana na mtu. Kila mguso unapunguza mtetemo. Molekuli iliyokuwa ivunjike inapona, inaishi, inafanya kitu kingine. Njia zilizokuwa kuu zinakuwa vichochoro, na vichochoro vinakuwa barabara kuu. Kwa hiyo modeli iliyorekebishwa kwa majaribio ya presha ya kawaida, ukiipeleka kwenye presha ya injini, huenda inaeleza safari tofauti kabisa. Wale walevi wawili waliokuwa wakiegemeana wanafika kwenye kona, mmoja anapinda kushoto na mwingine kulia.

Ndiyo maana kuna watu wamejenga mitambo ya ajabu ili kupima huko huko kwenye presha. Bomba la wimbi la mshtuko, kwa mfano: gesi yenye presha kubwa inazuiwa na kiwambo cha chuma chembamba, kiwambo kinapasuka, na wimbi linalotoka linaipasha joto gesi ya upande wa pili kwa kufumba na kufumbua. Katika Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago, kikundi cha Kenneth Brezinsky kilijenga bomba la aina hiyo linaloweza kufika presha ya karibu mara 1,000 ya hewa. Brezinsky ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kwa pete hizi za kaboni sita. Nikisoma kuhusu kazi kama hiyo najiuliza ni mtu wa aina gani anakubali kupasua kiwambo, kubadilisha, kupasua kingine, miaka nenda miaka rudi, ili nambari ambayo tayari ilikuwa inatoa jibu zuri iwe na haki ya kutoa jibu hilo.

Turudi kwa mteja wangu. Nilimuuliza kwa heshima: nukta hizi za majaribio zilipimwa kwa presha gani? Akajibu bila kuzunguka kwamba ni presha ya kawaida ya hewa. Na makala inasema nini? Inasema ndani ya injini yako. Nikaandika kurasa zote, na katikati nikaweka sentensi moja: kwamba modeli hii imelinganishwa na majaribio ya presha ya kawaida pekee. Sentensi moja. Akarudisha kazi akitaka itoke. Nikasema ibaki. Akaniandikia kitu ambacho nimekifikiria tangu siku hiyo kuliko nilivyofikiria pesa: waliijaribu dawa kwenye injini moja halisi, na matokeo yakalingana na modeli. Nambari ni ya kweli. Kwa nini unataka kumtia mnunuzi wasiwasi kuhusu nambari ya kweli?

Ungejibu nini?

Kwa sababu, tuseme ukweli, hoja hiyo si ya kijinga. Maisha yetu mengi yanaendeshwa na majibu sahihi ambayo wenye nayo hawajui yametoka wapi. Nina fundi wangu kule Grogan, mzee ambaye hajui tolueni wala benzili. Anaweka sikio, anasema, kijana, hii inagonga kwa sababu umetiliwa mafuta mabaya au taimingi imesogea, na huwa ni mojawapo. Kama kujua ni lazima kuwe na orodha ya vitendo elfu tano, basi huyu mzee hajui chochote, na mimi nikiwa na orodha yangu nabaki nimesukuma gari hadi kwake. Nilitaka kumtumia kama ushahidi wa kumtetea mteja. Lakini siku moja jirani yangu alipeleka kwake pikapu ya dizeli yenye tabo, ya kisasa, na mzee akaisikiliza kidogo tu, akafunga boneti. "Hii mimi sigusi," akasema. "Mlio wake siujui. Mpelekee yule wa pale kona."

Kwa maoni yangu tofauti yote iko pale. Yule fundi hawezi kukueleza kwa nini anapatia, lakini anajua mahali ambapo kupatia kwake kunakwisha. Socrates katika Meno anasema dhana sahihi ni nzuri ila hutoroka isipofungwa kamba ya sababu. Sikubaliani naye kikamilifu. Nadhani kuna kamba ya aina nyingine, fupi na ya bei nafuu, nayo ni kusema: nimejaribiwa hapa, sijajaribiwa pale. Modeli ya kompyuta haiwezi kufunga boneti. Uipe presha yoyote, itakuchorea mstari, laini vilevile, bila kusita hata kidogo. Kusita ni kazi ya mtu. Na ile sentensi yangu moja ndiyo ilikuwa kusita kwenyewe.

Labda utasema nimekuza jambo. Dawa ya petroli haijaua mtu. Sawa. Lakini sekta hii ina historia. Mnamo Desemba 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors, aligundua kwamba ukitia kiasi kidogo cha tetraethili yenye madini ya risasi, injini inaacha kugonga. Jibu lilikuwa sahihi. Hakuna modeli wala fundi aliyeweza kulipinga: injini ilinyamaza kweli. Miaka mitatu baadaye wafanyakazi watano walikufa kwenye kiwanda cha New Jersey kilichokuwa kikitengeneza dawa hiyo, na Midgley akanawa mikono kwa dawa hiyo mbele ya waandishi wa habari kuonyesha haina neno. Risasi iliendelea kutoka kwenye ekzosi duniani kote, ikiingia kwenye damu na akili za watoto, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006 tu. Mimi nilizaliwa kabla ya hapo. Niliivuta. Ukiwa na umri kama wangu na ulikulia karibu na barabara, wewe pia. Algeria ilimaliza akiba yake mwaka 2021, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa likatangaza kutoka hapa Gigiri, tarehe 30 Agosti, kwamba petroli ya risasi ya magari imekwisha duniani.

Na risasi ilipoondoka, nani alichukua sehemu ya kazi yake? Aromatiki. Benzeni husababisha saratani ya damu, ndiyo maana Ulaya iliifungia kwenye asilimia 1 ya petroli kuanzia mwaka 2000. Makanga anayening'inia mlangoni siku nzima hayumo kwenye grafu ya oktani. Mwuza mahindi ya kuchoma pale stejini hayumo. Hilo silo kosa la modeli. Iliulizwa kitu kingine. Lakini mtu akisema nambari ni ya kweli, uliza pia ni ya kweli kuhusu nini.

Kuna kisa cha pili, na huyu simhurumii kabisa. Mwaka 2015 Volkswagen ilibanwa kwa kutia programu kwenye magari ya dizeli iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo. Likiwa kwenye kipimo, moshi safi. Likitoka barabarani, moshi wake wa naitrojeni unapita viwango mara nyingi. Magari takriban milioni 11. Aliyewaumbua ni kikundi cha Chuo Kikuu cha West Virginia kilichofunga vipimo nyuma ya magari na kuyaendesha kwenye barabara za kawaida. Ona jinsi kisa hiki kinavyofanana na changu, halafu ona kinavyotofautiana. Nambari za kipimo zilikuwa za kweli. Kila moja. Uongo wote ulikaa katika kumwacha mtu aamini kwamba kilichopimwa pale ndicho kinachotokea kule. Mteja wangu hakutengeneza programu yoyote. Alitaka tu sentensi itoke.

Na kule ni wapi, hasa? Injini yao moja sijui walikuwa wameiweka kwenye mwinuko gani, lakini mimi naishi mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ina presha kama nne juu ya tano ya ile ya Mombasa. Magari yetu mengi yalitumika kwanza Japani kwa miaka kabla ya kupanda meli. Sheria inaruhusu yasiyozidi miaka minane. Petroli yote inaletwa ikiwa imesafishwa tayari, kwa kuwa kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013. Hakuna aliyewahi kusukuma nambari ili mstari ukutane na nukta zetu. Tukifikiwa na jibu sahihi, tunafikiwa kama yule anayeulizia Larisa kwa mtu ambaye hajawahi kwenda. Huenda tutafika. Wengi wetu tunafika kila siku. Ila gharama ya kutofika hailipwi na aliyetuelekeza.

Mteja alinilipa nusu na kumpa kazi mtu mwingine. Dola 40 zilitoka kwenye hesabu yangu ya mwezi huo, na kwa kodi ya Roysambu hizo si pesa za kuchezea. Makala iko hewani sasa, bila sentensi, na imeandikwa vizuri, nimeisoma. Inawezekana kabisa kwamba dawa inafanya kazi. Ikiwa hivyo, nimepoteza pesa kulinda watu dhidi ya kitu ambacho hakikuwadhuru. Nimejaribu kujiambia kwamba hilo linabadilisha jambo, na kila nikijaribu naona sura ya mwalimu wa hesabu.

Tangu hapo nimekuwa na tabia ya kufungua yale mafaili ya modeli ambayo watafiti huyaweka wazi kwa yeyote kupakua. Ni maandishi matupu, mstari kwa mstari, kitendo na nambari zake tatu za kasi. Katika muundo unaotumika zaidi, chochote kinachokuja baada ya alama ya mshangao kompyuta inakiruka. Basi huko nyuma ya mshangao ndiko watu wanakoandikiana. Hii imepimwa na fulani. Hii ni makadirio. Hii tumeizidisha kwa mbili. Unaweza kupita mistari mia moja ya tarakimu kisha ukutane na neno moja la namna hiyo, limeandikwa na mtu ambaye hakulipwa chochote cha ziada kuliandika, na ambalo angeweza kulifuta bila mstari wa grafu kusogea hata nywele.